Jikoni Pamejaa? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Rafu Nyingine

Jikoni pakibana, wazo la kwanza la wengi ni kununua: kikapu kingine, rafu nyingine, kabati la plastiki la kusimama kwenye kona. Mwezi haujaisha, kile kilicholetwa kuongeza nafasi nacho kimekula nafasi. Naamini jiko dogo mara nyingi halikosi nafasi, linakosa njia ya kuifikia. Nafasi imelala juu ya vikombe, nyuma ya makopo, upande wa ndani wa milango, na katikati ya mikebe ya duara isiyobanana. Kila tatizo lina dalili yake, na dalili ikisomwa vizuri inaonyesha chanzo. Chanzo kikishajulikana, tiba huwa ni kipande cha ubao, boksi gumu au skrubu chache.

Anza na tepu ya kupimia na karatasi. Pima kila kabati kwa ndani: upana, kina, na kimo kati ya rafu moja na nyingine. Kisha pima kitu kirefu kuliko vyote kinachokaa kwenye rafu hiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ni nafasi uliyo nayo ambayo huitumii. Jikoni nyingi hufuata vipimo vinavyokaribiana: kaunta ina kimo cha sm 90 hivi na kina cha sm 60, na kabati za juu zina kina cha sm 30 hadi 35. Kabati la chini, kwa hiyo, lina kina karibu mara mbili ya kabati la juu, na ndiyo sababu matatizo yao hayafanani.

Kaunta imejaa, hakuna pa kuweka hata ubao wa kukatia

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje.

Cha kwanza ni kaunta kugeuka ghala. Blenda, birika la umeme, mizani, chupa za mafuta, barua na funguo, vyote viko pale kwa sababu ndipo mkono ulipovitua. Namna ya kuthibitisha ni hii: ondoa kila kitu juu ya kaunta, kitie kwenye boksi, boksi likae karibu. Unachokihitaji kitoe, kitumie, kisha kiache juu ya kaunta. Baada ya wiki mbili tazama kilichobaki ndani ya boksi. Si lazima ukitupe. Kihamishie rafu ya juu kabisa au ya chini kabisa, maana kaunta ni mahali pa kazi, na mashine inayowashwa mara moja kwa mwezi haina haki ya kukaa pale pamoja na kisu.

Chanzo cha pili ni vyombo vinavyokauka. Kichanja cha kukaushia hukalia kipande kikubwa cha kaunta mchana na usiku, na vyombo vikishakauka hubaki palepale kwa kuwa kuvipeleka kabatini ni kazi nyingine. Nchini Ufini jambo hili lilipatiwa jibu zuri sana katika miaka ya 1940. Maiju Gebhard, aliyefanya kazi kwenye taasisi ya ufanisi wa kazi iitwayo Työtehoseura, aliendeleza kabati la kutundikwa juu ya sinki, lisilo na sakafu, lenye rafu za waya. Sahani inaoshwa, inasimamishwa kwenye waya, maji yanadondokea sinki, nayo inakaa hapohapo mpaka itakapohitajika tena. Kukausha na kuhifadhi vinafanyika mahali pamoja, na safari ya kutoka kichanjani hadi kabatini inafutika.

Huhitaji kabati jipya ili kuiga. Kama juu ya sinki kuna ukuta mtupu, rafu ya waya juu ya mabano mawili inatosha. Kama kuna kabati la kawaida, sakafu yake inaweza kukatwa katikati na kuwekwa waya, ila acha ukanda wa ubao mbele na nyuma kwa sababu sakafu hiyo ndiyo inayozishika pande zisifunguke. Hakikisha pia kuwa matone yanaangukia ndani ya sinki. Yakiangukia ukingo wa kaunta, ubao utavimba.

Chanzo cha tatu ni kaunta yenyewe kuwa fupi kweli. Hapo unatafuta uso wa muda. Ubao mpana wa kukatia unaokaa juu ya kingo za sinki hukupa eneo la kazi bila kuchukua nafasi ya kudumu. Ukiisha kuutumia unausimamisha ukutani. Droo ya juu ikivutwa nusu na kulazwa ubao juu yake inafaa kwa kupanga sahani au kuweka bakuli, lakini usikatie wala kukandia hapo, kwa kuwa reli za droo hazikutengenezwa kubeba msukumo wa kutoka juu. Ikiwa kuna ukuta mtupu, ubao wenye bawaba na mabano ya kukunja ndio ninaoupendekeza kuliko meza yoyote ndogo: ukikunjwa, njia inabaki wazi.

Wengine hufunika jiko la kupikia kwa ubao ili kupata eneo. Sikushauri. Plati ya umeme hukaa na joto muda mrefu baada ya kuzimwa, na kitufe kinaweza kuguswa bila kukusudia.

Kabati halifungi, lakini ndani kuna hewa tupu

Fungua mlango na utazame kwa usawa wa macho. Vikombe vya kimo cha sm 10 vimekaa kwenye rafu yenye sm 30. Sentimita 20 za hewa, kwa upana wote wa kabati! Chanzo ni rafu zilizopangwa siku kabati lilipofungwa na hazijaguswa tena tangu hapo.

Chungulia kuta za ndani. Kabati nyingi za kiwandani zina safu za vitundu vya mm 5 vilivyoachana kwa mm 32, na rafu imekalia vishikizo vidogo vinne vilivyochomekwa humo. Toa rafu, hamisha vishikizo, rudisha. Gharama yake ni dakika chache. Panga upya kwa kufuata vimo vya vitu: virefu pamoja, vifupi pamoja, ukiacha sm 3 hadi 5 juu ili mkono uingie. Mara nyingi utabaki na kimo cha kutosha rafu moja zaidi, na kipande cha ubao kilichobaki kwa fundi seremala kitaziba pengo hilo.

Rafu zisizohamishika zina dawa nyingine: kibao chenye miguu miwili, kama benchi fupi, kinachosimama juu ya rafu iliyopo. Sahani zinakaa chini yake, bakuli juu yake. Bila kibao hicho utabebanisha bakuli juu ya sahani, na kila ukihitaji sahani utainua mzigo wote. Kipimo changu cha mpangilio mzuri ni hicho: kitu cha kila siku kisihitaji kuinua zaidi ya kitu kimoja ili kukifikia. Vitu vya msimu vinaweza kubebana hadi juu.

Kisha angalia umbo la mikebe. Duara likikaa ndani ya mraba linaloligusa pande zote, linajaza asilimia 78 hivi ya eneo. Zaidi ya moja ya tano inabaki kuwa pembe tupu. Rafu iliyojaa mikebe ya duara imepoteza sehemu hiyo hata ikionekana imebanana. Mikebe ya pembe nne iliyotumika hapo awali kwa bidhaa nyingine, ikioshwa na kukauka vizuri, inafanya kazi ileile kama ya dukani. Usibadilishe yote kwa siku moja. Anza na vitu vinavyokaa kwa wingi, yaani nafaka na unga.

Vitu vinapotelea nyuma, unanunua tena kile ulicho nacho

Dalili hii ni ya kabati za chini karibu kila mara. Kina cha sm 60 kinamaanisha kwamba ili kufika nyuma lazima upige magoti, uondoe safu ya mbele, na uingize mkono hadi begani. Hakuna anayefanya hivyo akiwa na sufuria motoni. Kwa hiyo nusu ya nyuma inakuwa kaburi la makopo, na nusu ya mbele inajaa kupita kiasi.

Tiba ni kukigeuza kina kuwa droo. Tafuta boksi au trei ndefu zenye urefu unaokaribia kina cha kabati, na upana wa sm 15 hadi 20 kila moja. Panga vitu ndani kwa safu, mbele hadi nyuma. Ukihitaji kitu, unavuta boksi lote. Jaribu kwanza kwa maboksi magumu ya karatasi yaliyokatwa kwa kipimo, ukitoboa tundu la kushikia upande wa mbele. Baada ya mwezi utajua vipimo gani vinafaa, na hapo ndipo pesa ya trei za plastiki au za mbao itatumika vizuri.

Giza nalo ni chanzo kisichotajwa sana. Kabati lenye rangi nyeusi kwa ndani humeza vitu. Karatasi nyeupe kwenye ukuta wa nyuma, au taa ndogo ya betri ya kubandika, husaidia kuliko mtu anavyodhani.

Kabati la kona ni shauri lingine. Nusu yake imejificha nyuma ya kabati jirani, na vifaa vya kuvuta vinavyouzwa kwa ajili yake ni ghali. Kwa bajeti ndogo, kubali kwamba kona ni ghala la vitu vikubwa visivyotumika mara kwa mara: sufuria za shughuli, trei za wageni. Sahani inayozunguka inafaa kwa sehemu ya mbele ya kona. Hapo mikebe ya duara haina hasara, kwa kuwa unachokitafuta ni kufikia nyuma kwa kuzungusha.

Mifuniko inaporomoka, trei zinang'ang'aniana

Chanzo ni kulaza vitu bapa. Kitu bapa kikilazwa hubebwa na kubeba, kikisimamishwa hujitegemea. Kichanja cha zamani cha kukaushia vyombo, kikiingizwa ndani ya kabati, kinashika mifuniko ikiwa imesimama. Kwa trei na mbao za kukatia, simamisha vigawanyo vya plaiwudi kila sm 7 au 8. Mifuniko miepesi inaweza pia kukaa upande wa ndani wa mlango, nyuma ya vipande viwili vyembamba vya ubao, mradi upime kwanza nafasi kati ya mlango uliofungwa na ukingo wa rafu.

Droo inayokwama ni ndugu wa tatizo hili: upawa au mwiko umesimama juu kuliko ukingo na unagonga fremu. Vyenye mpini mrefu vitundikwe kwenye fimbo ukutani. Vilivyobaki vitenganishwe kwa kuta za karatasi ngumu.

Chini ya sinki hakutoshi kitu

Bomba limekata nafasi katikati, kwa hiyo rafu ya kawaida haiingii. Tumia rafu mbili fupi, moja kila upande wa bomba, au ubao uliokatwa umbo la herufi U. Fimbo ya kukaza kati ya kuta mbili hubeba chupa za kupulizia kwa vifyatuo vyake, na sakafu inabaki huru.

Usijaribu kunyoosha lile pindo la bomba ili kupata nafasi. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu ya mfereji isipande nyumbani. Weka trei chini ya kila kitu ili uvujaji uonekane mapema. Chakula kikavu kisikae hapa, kwa sababu ya unyevu na dawa za kusafishia. Ufinyu wa nafasi pia usikufanye umimine dawa mbili kwenye chupa moja: dawa ya klorini ikichanganyika na yenye asidi hutoa gesi ya sumu, na ikichanganyika na yenye amonia hutoa mivuke yenye sumu vilevile. Kama kuna watoto, dawa hizi zipande juu au mlango uwe na kifungio.

Rafu imepinda, kulabu zinadondoka

Hapa watu hulaumu ubao au gundi, wakati kosa ni la hesabu. Rafu yenye mzigo ulioenea sawasawa, ikiongezwa urefu maradufu huku kila sentimita ikibeba mzigo uleule, hupinda mara 16 zaidi. Unene ukiongezwa maradufu, mpindo hushuka hadi moja ya nane. Kwa hiyo njia rahisi ya kuinyoosha rafu ni kuweka bano katikati, kabla ya kufikiria kununua ubao mwingine. Njia ya pili ni kupigilia ukanda wa ubao uliosimama wima chini ya ukingo wa mbele. Kwa chipubodi ya mm 18 inayobeba sahani, nisingeacha zaidi ya sm 80 bila kishikio, na sm 60 ni salama zaidi.

Kulabu za mpira wa kunyonya zinashika kwenye uso laini usiopitisha hewa, kama kioo au kigae chenye mng'ao. Kwenye rangi ya ukuta, kigae chenye mikwaruzo au mstari wa saruji kati ya vigae, hewa inaingia polepole na kulabu inaachia. Za gundi zinashindwa na mafuta: ukuta wa jikoni una utando wa mafuta hata mahali usipouona. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, pangusa kwa spiriti, bandika, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kutundika kitu.

Kwa skrubu, gonga ukuta kwanza. Sauti nzito inaashiria tofali au zege, na plagi za kawaida za ukutani zinafaa. Sauti ya uwazi inaashiria ukuta wa mbao nyembamba au jasi. Tafuta nguzo iliyo ndani au tumia plagi zinazofunguka kwa nyuma. Usitoboe wima juu au chini ya soketi, swichi na bomba, kwa kuwa nyaya na mabomba mara nyingi hupita humo.

Juu ya jiko la kupikia pana mipaka yake. Mafuta na viungo vikikaa pale huharibika mapema kwa joto na mvuke, na rafu ya mbao iliyo karibu na moto ni hatari. Watengenezaji wengi wa majiko ya gesi hutaka angalau sm 65 kati ya moto na kitu kilicho juu yake. Fuata kitabu cha jiko lako. Mtungi wa gesi nao usifichwe kwenye kabati lisilo na matundu chini ili kuokoa nafasi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukusanyika sakafuni. Mtungi usimame wima siku zote.

Watu wawili wanagongana, milango inapigana

Pima njia kati ya kaunta na ukuta au kaunta ya pili. Ikiwa chini ya sm 90, kila mlango unaofunguka unaifunga njia. Mlango wa kabati wa sm 60 unahitaji sm 60 za kujifungulia, na kuutoa kwenye bawaba ni bure. Hifadhi mlango pamoja na skrubu zake, kisha tundika pazia dogo, mradi liwe mbali na moto. Friji nyingi huruhusu bawaba kuhamishiwa upande wa pili, jambo linaloweza kubadilisha jiko zima. Ila usiisukume friji hadi igande ukutani. Inahitaji hewa nyuma ili kutoa joto, na kitabu chake kinaeleza kiasi gani.

Mara nyingine njia si nyembamba, ni hatua zilizo nyingi. Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la Frankfurt, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, baada ya kuchunguza mwendo wa mtu anayepika na kutazama jiko za mabehewa ya chakula kwenye treni. Kila kitu kiliwekwa pale kinapotumika, na nafaka zilikaa kwenye droo ndogo za alumini zilizoandikwa majina. Fanya uchunguzi huohuo kwa mlo mmoja. Kila unapovuka chumba kufuata kitu, andika kitu hicho. Orodha itakuonyesha kwamba visu viko mbali na ubao, au sufuria ziko upande wa pili wa jiko. Visogeze, na mgongano utapungua bila kugusa ukuta.

Nyumba ni ya kupanga, huruhusiwi kutoboa

Tumia pande za friji kwa vishikio vya sumaku, fimbo za kukaza kati ya kuta za kabati, kulabu za kuvika juu ya mlango, na rafu ya kusimama yenye kimo kirefu kuliko upana. Rafu hiyo ipakie vizito chini, na ifunge isije ikaanguka.

Ulipanga vizuri, na pamejaa tena

Chanzo kiko mlangoni: vinaingia vingi kuliko vinavyotoka. Kila aina ya kitu ipewe boksi lake au sehemu ya rafu, na boksi hilo liwe ndilo kikomo. Bakuli zikijaa boksi lake, mpya ikiingia moja itoke. Akiba ya chakula ikae sehemu moja inayoonekana, ya zamani mbele. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati na uandike kinapoisha kitu. Ukienda sokoni, nunua kutoka kwenye karatasi hiyo.

Kama baada ya haya bado unahitaji kununua kifaa, pima mahali kitakapokaa mlango ukiwa wazi, kwa sababu bawaba huchomoza ndani kwa sentimita kadhaa na ndizo huzuia trei kuvutwa. Toa sm 1 kwenye upana na sm 1 kwenye kina, andika namba hizo, kata boksi la karatasi lenye vipimo hivyo na ulitumie kwa wiki moja. Likiingia na kutoka bila kukwaruza, peleka vipimo hivyo dukani au kwa fundi.